Kuonja Chakula cha Papa

Nimekula katika nyumba nyingi za watu. Nimekula Bukavu, nimekula Uvira na Kindu, na ng'ambo ya ziwa pia, kwa maana miguu yangu haikupenda kamwe kukaa mahali pamoja. Sasa nimepita miaka arobaini na bado ninabeba begi moja. Na kila ninapoingia nyumba ya watu nisiowajua, hutazama kitu kimoja kabla ya vingine vyote: mkono wa yule anayenipa chakula. Natazama kama ataonja kwanza.

Kwetu, katika milima ya Masisi, mgeni hapewi kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kabla mwenye nyumba hajanywa funda la kwanza mbele ya macho yake. Chakula vilevile: mwenye kukileta anamega kidogo, anatafuna, anameza, ndipo anakisogeza. Hakuna anayeeleza sababu. Ni adabu. Lakini kila mtu anajua kilicho chini ya adabu hiyo, nacho ni karuho, sumu inayosemekana kumkausha mtu polepole, mwezi baada ya mwezi, hata anapozikwa hakuna anayeweza kusema alikula wapi. Mtu wa nyumbani, yeye, haonjewi. Mtoto anayemwambia mama yake aonje kwanza angepigwa kofi, na watu wangesema amestahili. Kuonjewa ni heshima ya mgeni. Ni mpaka pia.

Miaka ile ya sitini, michache tu baada ya uhuru, mpaka huo ulikuwa umesogea karibu sana na milango yetu. Watu waliokuwa wakisaidiana kulima waliacha kuombana moto. Ukisikia mtu anakohoa njiani, ulinyamaza kwanza umsikilize ni nani. Nilirudi nyumbani katika hali hiyo, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimesoma sekondari na kuiacha kabla ya mwaka wa mwisho, na nilikuwa nikifanya kazi ya msaidizi wa dereva kwenye lori. Lori liliharibika Sake, dereva akasema tutasubiri kipuri. Sikuwa nimeona nyumba yetu tangu mazishi ya mama, miaka miwili nyuma. Nikapanda mlima kwa miguu.

Papa, baba yangu, alikuwa ameketi kizingitini, akifuta kwa majani jembe ambalo halikuwa na udongo. Aliponiona alisimama, akavua kofia. Alisimama wima kama walivyosimama wazee zamani, wakati ajenti wa serikali alipokuja kuhesabu mashamba.

"Musieu, barabara tulishalima," akasema. "Andika. Tulilima yote mpaka kwenye muto."

Nilimwambia mimi ni mwanawe, wa mwisho. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mwongo mwenye cheo.

"Mutoto yangu ya mwisho iko masomoni," akasema. "Na iko na meno mizuri kuliko yako."

Nilicheka, kwa kuwa ni kweli nilikuwa nimeng'olewa jino la mbele Bukavu. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki, na kwamba shati lake linaning'inia mabegani kama limetundikwa ukutani. Papa alikuwa mtu mwenye kifua kipana, aliyebeba mbao mbili mahali wengine walibeba moja. Mkono alionipa kunisalimu ulikuwa mifupa na kamba.

Aliyekaa naye alikuwa mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka alifanya kazi kwenye migodi ya bati upande wa Walikale, siku kadhaa ndani ya msitu, na huko ndiko alikomuoa. Mama alipokufa, alimleta mke wake kwetu amtunze Papa, naye akarudi kazini. Shemeji yangu hakuwa na mtoto bado. Alikuwa mfupi, mwenye maneno machache, na uso wa mviringo. Mwili wake ulikuwa umejaa kuliko nilivyoukumbuka siku ya mazishi.

Aliniletea bugali ya muhogo, maharagwe na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese ya kwao. Akaweka mbele yangu na kukaa. Hakuonja. Nilikuwa mtu wa nyumbani, hakukuwa na haja. Lakini nilitazama kile chakula muda mrefu kidogo kuliko mtu mwenye njaa anavyotazama, naye akaona.

"Shemeji, kula," akasema. "Ao Bukavu wamekufundisha kuogopa?"

Nikacheka tena. Nikala, nikianzia pembeni.

Kesho yake asubuhi alikuja jirani wetu wa chini, mama mzee aliyewaongoza akina mama wa kanisa letu dogo la mlimani. Alikuja na kikapu cha viazi vitamu, lakini viazi havikuwa sababu. Alisubiri shemeji achukue mtungi kwenda mtoni, ndipo akaanza kueleza. Alisema Papa alikuwa mzima wakati wa msiba wa mama, kila mtu alimuona. Mwaka mmoja baada ya mwanamke huyu kuingia, akaanza kupotea njia ya shamba lake mwenyewe. Akasahau sala ya Baba Yetu katikati, kanisani, mbele ya watu. Akawa anaamka na kumtafuta marehemu mama kwenye migomba. Na huyu mwanamke wa msitu, badala ya kumwambia ukweli, humjibu kwamba mama yuko shambani, atarudi. Mtu gani anamdanganya mzee kuhusu mfu? Tena watu wa msituni wanajua magome ya miti na sumu zake kuliko sisi tunavyojua maharagwe.

Nilimwambia Papa amezeeka tu. Akanivuta karibu.

"Muangalie papa yako, kisha umuangalie yeye," akasema. "Nyama ya muzee imehamia wapi?"

Na jioni hiyo hiyo, wakati shemeji akikata kuni nyuma ya nyumba, Papa mwenyewe aliniita kwa kidole. Alikuwa ameacha kuniita ajenti; siku hiyo nilikuwa mtu fulani wa kanisani. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mama anayempikia anampa chakula nusu. Nusu nyingine anaifanyia kitu akiwa amempa mgongo. Hakujua ni kitu gani. Alisema niende nimwambie mke wake, marehemu mama.

Basi nikaanza kuvizia. Sitaki kulipaka neno hilo rangi. Shamba letu la maharagwe lilikuwa juu ya nyumba, na kutoka kwenye mistari ya juu mtu akiinama aliona kupitia mlango mpaka mahali Papa alipokaa kula mchana. Siku ya kwanza nilijifanya napalilia. Shemeji alikaa kwenye kigoda mbele yake, sahani mapajani. Papa alisema kitu. Shemeji akageuka, akampa mgongo kabisa, akainamisha kichwa, na kiwiko chake kikatikisika. Akageuka tena, akampa tonge. Papa akala. Akasema kitu tena. Shemeji akageuka, mgongo, kichwa chini, kiwiko. Niliona hivyo mara nyingi, mpaka nikaacha kuhesabu. Kutoka nilipokuwa sikuweza kuona kama mkono unatoka kwenye kitambaa kiunoni kwenda sahani, au unatoka sahani kwenda mahali pengine. Mgongo wake uliniziba.

Siku ya pili nilimwona vilevile, na siku ya tatu. Nikachukua mabaki ya chakula cha Papa, nikampa kuku wa jirani. Kuku akaishi. Akataga. Lakini karuho, wanasema, ni ya polepole, na yai la kuku halikunituliza. Nikawa nakula viazi nilivyochoma mwenyewe, nikimwambia shemeji kwamba tumbo langu halijazoea mawese tena. Alipunguza sahani moja siku iliyofuata, na hakuniuliza tena.

Kulikuwa na lori lililoleta mawese kutoka Walikale na kurudi huko na maharagwe. Nilishuka hadi mahali lilipopakia, nikaandika barua juu ya boneti yake, kwa Kiswahili kizuri cha shule, nikampa dereva ampelekee kaka mgodini. Naikumbuka yote kwa kuwa ilikuwa fupi. *Kaka, njoo upesi. Papa anakonda na mke wako ananenepa. Anamlisha akimpa mgongo. Majirani wote wanajua.* Hakukuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Nilipanda mlima nikijiona mtoto mwema.

Siku nne baadaye shemeji akashikwa na homa. Alitetemeka chini ya blanketi, meno yakigongana, na bado alijaribu kuinuka ilipofika saa sita mchana. Nilimwambia alale, nitamlisha Papa mimi. Alinitazama kama anataka kusema jambo, kisha akasema tu nipike bugali nyingi. Nikawaza: kwa nini nyingi?

Nilipika mwenyewe, kwa unga niliouchukua mwenyewe, na maji niliyoyachota mwenyewe. Nikakaa kwenye kile kigoda. Nikamega tonge, nikachovya kwenye maharagwe, nikampelekea Papa.

"Onja kwanza," akasema.

Nilishangaa kidogo. Nikaonja. Akapokea tonge lililofuata, akalitafuna taratibu sana, akiwa anatazama uani. Nikamega jingine.

"Onja."

"Nimeonja sasa hivi, Papa."

"Sikukuone."

Nikaonja. Akala. Nikamega. Akaniuliza mimi ni nani, na kama nimeonja. Nikamwambia ndiyo. Akafunga mdomo kama mtoto, akageuza uso, na hakuufungua mpaka nilipotafuna mbele yake na kumwonyesha ulimi. Ikawa hivyo, moja langu, moja lake, na mara nyingine mawili yangu kwa moja lake, kwa kuwa alipotazama kuku akipita, tayari alikuwa amesahau. Tulikaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Mwishowe akasukuma sahani.

"Nimeshiba," akasema. "Tumekula siku muzima."

Kwake ilikuwa kweli; kinywa chake kilikuwa kimechoka. Nikatazama sahani. Ile bugali nyingi ilikuwa karibu yote tumboni mwangu, nami nilikuwa nimeshiba hadi kuumwa. Hapo nikaelewa nyama ya Papa ilihamia wapi.

Nilikwenda kwa shemeji, nikamuuliza kama kila siku iko hivi. Akasema kila siku, asubuhi na mchana na jioni. Nikamuuliza kwa nini anageuka. Akafunika uso wake na blanketi. Niliposubiri, alisema kwamba kwao msichana hufundishwa kutotafuna mbele ya baba mkwe, ni kama kuvua nguo. Papa anataka aonje, naye hawezi kuonja akimtazama, basi hugeuka. Na kwa kuwa amegeuka, Papa haoni, basi humwambia aonje tena. Alikuwa amejaribu kukataa. Papa alikaa siku mbili bila kula.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Kwa nani?" akasema. "Niseme ninakula chakula ya mukwe wangu?"

Sikumwambia habari ya barua. Nilishuka mbio hadi kule lori lilipopakia, wakaniambia liliondoka siku ile ile niliyomwona dereva. Nikajiambia kwamba barabara ya Walikale ni matope, kwamba madereva hupoteza barua, kwamba kaka hana likizo. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nilimsaidia shemeji kumlisha Papa, nikaacha kupalilia pale juu, nikala chakula chake. Kwa majirani sikusema neno. Kila mara nilipotaka kumweleza yule mama jirani, niliona kwanza ningelazimika kueleza nilichoandika.

Kaka alifika na matope hadi magotini. Hakunisalimu, wala mke wake. Aliingia akamwona Papa, ambaye alimuuliza kama ametoka kwa ajenti, na alipotoka nje macho yake yalikuwa mekundu. Akaita baba zetu wadogo wawili na majirani waje kesho mchana.

Walikuja. Akina mama wa kanisa walikaa upande mmoja wa ua, yule jirani wetu mbele yao. Baba wadogo walikaa kwenye benchi tulilolitoa ndani. Papa alikuwa kizingitini na jembe lake. Shemeji alikaa chini, peke yake, karibu na jiko, na nilimwona tayari amefunga vitu vyake kwenye kitenge. Kaka akatoa barua mfukoni, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na lile *wote wanajua*. Shemeji aliinua kichwa aliposikia *akimpa mgongo*. Hakunitazama. Alijua nani ameiandika; katika mlima ule hakuna mwingine ambaye angeandika vile.

Kaka akauliza nani amemwona akiweka kitu. Yule mama jirani akasema hawakumwona akiweka, walimwona akigeuka, na mtu mwenye mkono safi hageuki. Kaka akamuuliza mke wake kwa nini anageuka. Shemeji alizungumza akitazama ardhi.

"Anasema onja," akasema. "Mimi ni mukamwana wake. Nitaonjea wapi?"

Mmoja wa baba wadogo akasema jambo ni jepesi: aonje sasa, mbele ya wote, akimtazama mzee. Sahani ikaletwa. Shemeji akaishika, machozi yakamtoka, akairudisha chini. Hakuweza. Akina mama wakatazamana. Kaka akasimama, akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba kesho atamrudisha kwa wazazi wake, na kwamba wazazi hao wataambiwa sababu. Kila mtu pale alijua maana yake. Mwanamke anayerudishwa kwa sababu ya karuho haolewi tena, wala hapewi moto wala chumvi, na ndugu zake hulala na mlango umefungwa asije akawapikia.

Ningepaswa kusimama hapo na kusema nimekosa. Sikufanya hivyo. Hata siku ile nilitafuta njia ya kupita kando. Nikasema tu kwamba Papa bado hajala, na kwamba huyu Mama jirani, ambaye mikono yake haina shaka, amlishe.

Yule mama hakusita. Alinawa, akakaa kwenye kigoda, akamega tonge.

"Onja kwanza," Papa akasema.

Akaonja kwa madaha, akiwatazama watu, kama mtu anayeonyesha jinsi kazi inavyofanywa. Papa akala. Akamega tena.

"Onja."

"Nimeonja, muzee."

"Sikukuone."

Akaonja. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Mara ya sita mmoja wa baba wadogo alianza kukohoa kuficha kicheko. Mara ya kumi hakuna aliyekohoa. Nilimwona kaka akiitazama sahani, kisha mke wake, kisha sahani. Papa akautazama mkono wa mama jirani ukienda tena mdomoni, uso wake ukabadilika.

"Mama, we unamaliza chakula yangu," akasema, polepole, bila hasira. "Njo maana nimekauka. Njo weye uliniwekea."

Mkono wa yule mama ulibaki njiani, na tonge ndani yake. Alikuwa mzee, aliyeheshimiwa katika milima miwili, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo la karuho. Nilidhani atainuka aende. Alitazama akina mama wenzake, na wale waliokuwa wakimtazama wakatazama mahali pengine. Hivyo ndivyo lilivyo neno lile. Hata likisemwa na mtu asiyejua leo ni siku gani, wasikilizaji husogea kidogo. Naye aliwaona wakisogea.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka kigoda pembeni, akaketi chini kwenye mkeka ubavuni mwa Papa, bega kwa bega, wakitazama upande mmoja. Akaomba bugali iongezwe. Akaweka sahani kati yao na kutia mkono, kama wanavyokula watu wawili waliotoka kulima. Hakumpa tonge. Alikula tu. Papa akaitazama sahani, akaona inapungua, akaivuta kidogo upande wake kama mtu aliyekaa na mlaji wa haraka. Akatia mkono wake mwenyewe. Wakala. Hakusema onja hata mara moja. Walipofika mwisho Papa alifuta sahani na kidole.

Hapo ndipo nikasema. Nilisema kwamba nilijua kwa nini shemeji anageuka. Kaka akaniuliza tangu lini.

"Wiki tatu," nikasema.

Aliikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akaupapasa mfuko.

"Barua yako hii," akasema. "Kaa nayo."

Akaenda akafungua mwenyewe kile kitenge cha mke wake, akaanza kurudisha vyombo jikoni, kimoja kimoja, mbele ya watu. Mwanaume wa kwetu hafanyi kazi hiyo. Hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo watu wakaanza kuja kula na Papa. Akina mama wa kanisa walipanga zamu, mmoja mchana, mwingine jioni, kila mmoja na chochote alichopika, wakimimina kwenye sahani moja. Nisiseme walikuja kwa upendo tu. Wengine walikuja kuhakikisha kwa macho yao. Baba mdogo mmoja alikuwa akinusa maharagwe kwanza, na mama mmoja alikaa mahali ambapo angeuona mkono wa shemeji mpaka jikoni. Walikuja kulinda, na wakiwa wanalinda, wakamlisha. Papa akarudisha nyama kidogo mabegani. Akili haikurudi. Aliendelea kumtafuta mama kwenye migomba, na wale akina mama waliosema shemeji ni mwongo walimwambia ukweli mara mbili, tatu. Kila mara alilia kama amesikia habari hiyo leo. Ndipo nao wakajifunza kumwambia kwamba yuko shambani, atarudi. Mama jirani ndiye aliyemuuliza shemeji amwonyeshe jinsi ya kulisema jambo hilo ili mzee asiulize zaidi. Nilikuwepo. Shemeji alimwonyesha, na hakutabasamu.

Siku za zamu alipata nafasi ya kulala mchana. Jumamosi moja wakamwambia aende soko la Sake, watabaki wao. Alikaa dakika nyingi mlangoni akiwa amevaa, kikapu kichwani, akiwatazama wale wanawake uani kwake, na niliona anajiuliza watasema wamekuta nini kwake akirudi, au atakuta nini yeye. Kisha akaenda.

Mimi niliondoka wiki iliyofuata. Kipuri cha lori kilikuwa kimefika zamani. Lakini jioni ile ile ya kikao, kabla sijaondoka, shemeji aliniletea chakula. Bugali, maharagwe, sombe yenye mawese. Tulikuwa wawili uani. Alikaa mbele yangu, hakunipa mgongo; mimi si baba mkwe wake. Akamega kipande, akachovya, akatafuna huku macho yake yako kwangu. Akameza. Akanifungulia kiganja kitupu. Kisha akasogeza sahani.

"Kula, shemeji," akasema.

Nilirudi mara nyingi, miaka ile na iliyofuata, kwa kuwa mtu anayetangatanga hurudi kuliko wanavyodhani waliobaki. Nilirudi shemeji alipojifungua mtoto wa kwanza, nikarudi kwenye maziko ya Papa. Siku ya maziko ua ulijaa. Shemeji alipita na sahani kwa kaka, kwa baba wadogo, kwa mama jirani ambaye sasa alitembea kwa fimbo, na wote aliwawekea tu na kupita. Alipofika kwangu alisimama. Watu walikuwa wengi, njaa ilikuwa nyingi, angeweza kusahau. Akainama, akamega, akaonja.